Pembe ya Sita

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Imefika, imefika, imefika. Sumaku yangu imefika.

Miaka tisa ya kuandika barua. Miaka tisa ya "ombi lako linashughulikiwa". Leo saa nne asubuhi lori limeingia uani kinyumenyume, linalia pii-pii-pii, na juu yake sanduku la mbao refu kuliko mimi na Mkuu wa idara tukipandiana mabegani. Limeandikwa pande zote nne: USIINAMISHE. Nimelizunguka mara tatu. Nimelipapasa. Mlinzi wa geti ameniuliza kama ndani mna ndugu yangu. Nusura nimwambie ndiyo.

Halafu — mlango. Mlango wa maabara una sentimita tisini na nane. Sumaku, hata ikivuliwa sanduku, mia na moja. Sentimita tatu! Mkuu amepima kwa tepu yake mara mbili, akavua miwani, akapima tena bila miwani. Sentimita hazikupungua. Akasema labda irudi bandarini kwanza, tujipange. Irudi! Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kwamba kitakachotoka hapa leo au kesho ni ukuta.

Mwashi anakuja kesho.

Jumanne, 4 Machi

Ukuta chali. Mwashi amekuja na nyundo mbili na mke wake, naye ni mwashi, tena ndiye anayepiga kwa nguvu zaidi. Kufika saa sita sumaku imeingia ndani kama bibi harusi, imefunikwa shuka jeupe, watu kumi na wawili wanaisindikiza na mimi nyuma nawazuia wasipige vigelegele. Nadanganya. Vigelegele nimepiga mimi.

Mke wa mwashi, vumbi hadi kwenye kope, akaniuliza: hili dude linafanya nini? Nikamweleza. Ndani ya kila kitu mna atomi, na katikati ya atomi mna kiini, na viini vingine huzunguka kama pia. Sumaku inavipanga. Sisi tunavigusa kwa wimbi la redio, vinayumba, na vikiyumba vinatoa sauti ndogo. Ukiisikiliza vizuri kila kimoja kinakueleza kinakaa wapi, na jirani yake nani, na jirani wa jirani yake nani.

Akanitazama. "Kumbe ni mashine ya umbea!"

Shahada tatu, na sijawahi kuieleza kazi yangu vizuri hivyo.

Fundi wa sumaku naye amewasili, aliyetumwa na watengenezaji. Mtu mdogo, begi kubwa. Kila sentensi yake inaanza na neno moja. Taratibu, inueni. Taratibu, shusheni. Nilipompa chai: "Taratibu, ni ya moto." Nimeshambatiza. Ndugu Taratibu.

Jumatano, 12 Machi

Heliamu! Mapipa matatu, mirija iliyovaa barafu, moshi mweupe unatambaa sakafuni na kutupita miguuni. Nyuzi mia mbili sitini na tisa chini ya sifuri ndani ya pipa lile, na sisi nje tunatoka jasho. Madirisha wazi, wote kimya. Taratibu ametega sikio kwenye chuma kama daktari kwenye kifua cha mtoto. Kisha akasema neno jipya kabisa: "Vizuri."

Tumetazamana. Mkuu akapiga makofi. Taratibu akamwambia taratibu.

Ijumaa, 14 Machi

Mkondo wa umeme umeingia. Saa tano nzima, kidogo kidogo. Ukiingizwa kwa pupa sumaku hushtuka, heliamu yote inachemka kwa dakika moja, na miaka tisa yangu inapaa angani kama mvuke. Sijaenda hata msalani. Saa tisa alasiri Taratibu amechomoa nyaya. Amechomoa! Na mkondo bado unazunguka mle ndani wenyewe, bila kusukumwa, bila kuchoka, na utazunguka hivyo miaka. Nimemwambia Mkuu hii ndiyo ajira mpya pekee ya idara ambayo haitaomba likizo.

Mama amekuja kuiona. Hakualikwa, lini amehitaji mwaliko? Ila ana nyonga ya chuma tangu alipoanguka ngazini, kwa hiyo nimemsimamisha nje ya mstari mwekundu niliobandika sakafuni mlangoni. Amesimama pale na mkoba wake kifuani, akaikagua kutoka juu hadi chini.

"Wewe ndiye uliyeninyima mjukuu wa pili," akaiambia sumaku.

"Mama!"

"Niache nizungumze na mwenzangu. Inakula nini?"

Nikasema heliamu, kila baada ya miezi michache.

"Na isipopewa?"

"Inapata homa. Inazimika."

"Basi ilishe, mwanangu. Ishakuwa ya nyumbani."

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Taratibu pia amecheka. Taratibu.

Jumatatu, 17 Machi

Sauti ya kwanza!

Maji tu. Tone la maji kwenye kijineli cha kioo chembamba kama kalamu. Kilele kimoja kwenye skrini, kimesimama kama sindano, kushoto tambarare, kulia tambarare. Nimelia. Machozi kwa ajili ya maji! Nikachapisha nakala nne. Moja nimempa mlinzi wa geti kwa sababu alikuwa pale.

Mume wangu amepita baada ya vipindi — yeye anafundisha muziki shuleni, masikio yake ni mali. Nikaiunganisha mashine na spika ili asikie viini vinavyolia. Inaanza kwa nguvu, inafifia, inafifia, kama kengele ndogo mbali. Amefumba macho.

"Noti gani hii?" nikamuuliza.

"La."

"Mbona unakataa? Niambie tu."

"Nimekwambia. La!"

"Wewe mwanamume, leo ni siku yangu —"

"Do, re, mi, fa, so, LA!"

Tumecheka hadi Taratibu akachungulia kuona kama heliamu imevuja. Tumerudi nyumbani tunaimba maji.

Alhamisi, 20 Machi

Taratibu ameondoka. Ameniachia namba yake na neno moja, nalifahamu. Sasa mashine ni yangu peke yangu. Najikuta naisalimia nikiingia.

Tarehe imepangwa: Ijumaa 11 Aprili, uzinduzi. Maabara itaitwa kwa jina la Profesa, na mwenyewe atakata utepe. Ni haki yake. Amenifundisha tangu mwaka wa pili. Nilikuwa naelekea famasia, nikaingia kimakosa kwenye somo lake moja, sikutoka tena. Mtu wa miaka sabini na tisa na bado akikuta mlinganyo una kosa anauzungumzia kama mtu aliyeibiwa. Mwezi jana ndiye aliyeandika barua ya kunipendekeza nipandishwe cheo. Faili liko kwenye kamati. Mimi! Profesa! Sitaki hata kuliandika neno hilo, lisije likasikia likakimbia.

Nimewaza zawadi. Miaka thelathini na moja iliyopita alitoa molekuli kwenye maganda ya mti, akaichora umbo lake, ikamjengea jina. Wanafunzi tunaiita Chungu, maana ukiionja kwa ncha ya ulimi hutakula siku hiyo. Kiini cha umbo lake ni pete ya pembe sita, nzuri mno, imo kwenye vitabu vya kufundishia. Aliisoma kwa mashine ndogo, dhaifu, ya siku zile. Sasa nitaipiga picha kwa mashine hii, niweke kwenye fremu, nimkabidhi mbele ya watu. Atafurahi hadi anune ili kuificha furaha.

Nimekuta chupa stoo, mwandiko wake mwenyewe kwenye lebo. Kesho!

Ijumaa, 21 Machi

Picha imetoka. Nzuri ajabu. Vilele vimesimama kama kwaya.

Ila kimoja, pale ambapo chati yake ya zamani ina kilele kinene, hapa kwangu ni viwili. Viwili vyembamba, bega kwa bega. Mashine yake isingeweza kuvitenganisha. Sawa. Lakini vyote viwili viko mahali ambapo kwa pete ya pembe sita haviwezi kukaa.

Labda sijarekebisha uga wa sumaku sawasawa. Nitarudia Jumatatu. Sina wasiwasi. Nina wasiwasi kidogo. Hapana, si wasiwasi, ni mwasho. Ubongo unaniwasha.

Jumatatu, 24 Machi

Tano!

TANO!

Nimerudia asubuhi, nikapata vilevile. Nikaiamuru mashine inichoree ramani ya majirani — madoa yanayoonyesha haidrojeni gani inasikilizana na kaboni gani. Imechukua saa sita. Nimekaa mbele ya skrini na mkate mkononi, sikuula. Madoa yakaanza kutokea moja moja. Yote yalikaa nilipoyategemea, isipokuwa moja. Doa moja tu dogo, limekaa kwenye kaboni isiyo yake. Nikaligeuza, nikalipindua. Halibanduki. Oksijeni inayofunga pete haijashika pale alipoishikisha Profesa. Imeshika hatua moja kabla. Pete haina pembe sita. Ina tano!

Nimeinuka nikazunguka chumba. Nimekaa. Nimeinuka tena. Dunia nzima, miaka thelathini na moja, kila kitabu — na anayejua ni mimi na sumaku. Nimewahi kusikia watu wakieleza furaha ya namna hii nikadhani wanatia chumvi. Hawakutia ya kutosha!

Na sasa naelewa kwa nini wanakemia wa kutengeneza molekuli wameshindwa kuiunda Chungu kwa mikono miaka yote hii. Wameiunda mara tatu, kila mara inatoka kitu ambacho si chungu. Walipewa ramani ya nyumba ya jirani!

Jumanne, 25 Machi

Nimeamka nikiwa bado nacheka. Mume wangu ameuliza kuna nini. Nikamwambia pete ya Profesa si yenyewe. Akaweka kijiko chini: "Amemwacha mkewe?" Nikamweleza vizuri. Akafikiri. Akauliza swali moja ambalo limenitia barafu kuliko heliamu: "Na chupa ya miaka thelathini na moja, haiharibiki?"

Jamani. Ni kweli. Labda zamani ilikuwa na pembe sita, na kwa kukaa chupani ikajifunga upya ikawa na tano. Labda Profesa alikuwa sahihi, na mimi nimepiga picha ya uzee tu.

Mwalimu wa muziki! Kaniokoa na aibu ya karne.

Nimekimbia kwa Bibi Majani, mtaalamu wa mimea, ofisi ya tatu ghorofa ya chini. Nahitaji maganda mabichi ya mti uleule. Hakuuliza kwa nini. Kaniuliza tu: kilo ngapi?

Jumatano, 2 Aprili

Siku nane za kuloweka, kuchuja, kukausha, kuchuja tena. Vidole vyangu vyote ni vichungu. Binti yangu amekataa nimmenyee chungwa. Leo nimepata miligramu kumi na moja za Chungu mpya, safi, nyeupe kama theluji. Saa mbili asubuhi nimeiingiza kwenye sumaku. Na ile ya zamani nayo nimeipasha moto, nyuzi sitini siku mbili, nione kama inageuka.

Haigeuki. Na mpya ni ileile. Vilele viwili. Doa lilelile. Tano!

Nimemkumbatia Bibi Majani. Ni mwanamke mkubwa, mrefu, hakumbatiwi mara nyingi. Akanipapasa mgongo kama mtu anayetuliza farasi. "Hongera, mama. Sijui ya nini."

Nimerudi mbio kwa furaha — na nikamkuta mchoraji koridoni.

Mkuu amemwajiri achore ukuta mpya, ule uliojengwa upya baada ya sumaku kuingia. Chungu! Urefu wa mita mbili! Ameshasimama kwenye ngazi na chaki, kitabu cha kufundishia amekifungua kwa pini ya nguo, na pete imeshachorwa, kubwa kama gurudumu la trekta. Sita.

"Unaionaje, daktari?" akaniuliza.

Nikasema rangi. Rangi haijanikaa. Akasema bado hajapaka rangi. Nikasema hiyo ndiyo haijanikaa.

Tumejadili bluu kwa dakika arobaini. Sijawahi kuwa na maoni kuhusu bluu. Leo nimekuwa nayo kumi na manne.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemwambia Mkuu. Ilibidi. Nimefunga mlango, nikaweka picha zote mezani, nikaeleza, mikono inaruka. Yeye ni mwanakemia mzuri, watu husahau. Aliangalia dakika kumi. Kisha akasema, taratibu kuliko Taratibu: "Aisee."

"Ndiyo!"

"Aisee. Tano."

"Tano, Mkuu!"

Akatabasamu hadi meno ya nyuma. Kwa sekunde kama nne hivi. Halafu akakumbuka yeye ni Mkuu. Akasimama dirishani. Tuelewane, akasema: uzinduzi ni wiki ijayo. Wageni wameshaalikwa. Ukuta unachorwa. Mzee ana miaka sabini na tisa. Na faili lako liko mezani kwa watu ambao wote ni wanafunzi wake. Utamuumbua mtu siku ya kukata utepe wake? Subiri. Andika makala polepole. Mwakani. Hata mwaka unaofuata, Mungu akipenda.

Hakusema "Mungu akipenda" nini. Lakini nilimwelewa, na yeye aliona nimemwelewa, akaona haya.

"Sina nia mbaya na mzee," akasema.

"Najua."

"Mimi mwenyewe alinilisha nilipokuwa mwanafunzi."

"Najua, kaka."

Sijawahi kumwita kaka. Nimesema nitafikiri. Nimetoka nje nimekasirika, na hata hasira ilikuwa inarukaruka. Tano! Siwezi kuacha kufurahi. Nimejaribu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekwenda kwa Profesa. Mfukoni mna bahasha, ndani ya bahasha mna picha.

Nimemkuta barazani, ameifungua redio hadi utumbo, vipande vimepangwa kwenye gazeti. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mwanangu. Umekonda, au ni haya macho yangu yananenepesha kila kitu kingine?"

Mkewe ameleta chai na mkate. Tumezungumza redio. Tumezungumza heliamu. Amenifanya nieleze siku ya mkondo dakika kwa dakika, na kila mara nikikimbia alinirudisha: ampea ngapi hapo? Nilisahau bahasha kabisa. Nilikuwa na raha.

Kisha akaingia ndani, akarudi na daftari lake la zamani. Chati yenyewe! Karatasi ndefu iliyokunjwakunjwa, rangi ya chai. Akaifungua magotini kama kitambaa cha kanga.

"Mstari huu niliusubiri siku mbili," akasema. "Kalamu ya mashine ilikuwa inakwaruza kama kuku. Nikawa namshika mkono mama huyu," akamwelekeza mkewe kwa kidevu, "nasema, tazama, inaandika."

"Nilidhani ameugua," akasema mkewe.

Kidole chake kikapita juu ya vilele, kimoja kimoja, kikafika kwenye kile kinene. Nami nikakiona. Kina bega. Upande wa kulia, kidogo sana, kilele kina bega.

"Na hili bega, Mzee?"

"Bega gani?"

"Hili hapa."

"Ah. Uchafu wa sampuli."

Alijibu haraka. Haraka mno kwa mtu anayeuliza ampea ngapi. Akakunja chati.

Ndipo akaniambia hotuba yake itakavyoanza. Atasema: wengine hufa wakaacha shamba, wengine wakaacha nyumba, mimi naacha pete, na haiuziki. Akacheka mwenyewe, mabega yakitikisika. Mkewe amesikia utani huo mara mia, inaonekana, na bado alicheka.

Nimekunywa vikombe vitatu. Nimerudi na bahasha yangu. Nimekaa kwenye gari nje ya geti lao, na kwa mara ya kwanza tangu tarehe ishirini na nne sikuwa na kicheko.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemweleza mume wangu yote. Ameniuliza: ingekuwa wewe?

Nikamwuliza ingekuwa mimi vipi.

Ingekuwa wewe ndiye mwenye pete, una miaka sabini na tisa, na mwanafunzi wako ameona, na amenyamaza kwa heshima. Ungetaka kuambiwa na nani, lini?

Mimi? Ningetaka kuambiwa jana! Ningetaka kuziona picha kabla sijamaliza kuvua viatu! Nikinyimwa ningemfukuza huyo mwanafunzi kwa mwiko!

Nimejisikia nikisema hivyo. Mume wangu amerudi kwenye kusahihisha daftari zake, huku anapuliza mluzi. Noti ileile. Mshenzi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimempigia simu Profesa. Nikamwomba Ijumaa aje saa moja na nusu asubuhi, kabla ya watu. Wageni ni saa tatu. Nina kitu nataka akisome.

"Kibaya?"

"Kizuri, Mzee. Kizuri sana."

"Kizuri kwa nani?"

Nilisikia redio nyuma yake, ameshaiunganisha, inaimba. Kisha akasema atakuja na miwani yote miwili.

Nimemwambia Mkuu pia. Sikutaka kumzunguka. Amefunika uso kwa viganja, akakaa hivyo, na kupitia vidole akasema: "Faili lako, dada. Faili lako." Nikasema litabaki faili. Akasema yeye hajasikia kitu, hayumo, yuko likizo. Alipofika mlangoni akageuka akaniuliza kama ile ramani ya majirani nimeichapisha kwa rangi, kwa sababu kwa rangi doa linaonekana vizuri zaidi.

Ninampenda Mkuu. Sikuwahi kujua.

Mchoraji amemaliza. Bluu ya kumi na nne. Wamefunika ukuta kwa pazia hadi kesho kutwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika hapahapa maabarani, kwenye meza ya pembeni, kwa sababu mikono isipopata kazi nitaanza kuongea, na sitakiwi kuongea.

Amefika saa moja na dakika ishirini. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Amevua saa, akatoa funguo, sarafu, miwani ya akiba yenye fremu ya chuma, akaweka vyote kikapuni bila kuambiwa. Amesimama mbele ya sumaku, akaiinamia kidogo, kama unavyoinamia mgonjwa usiyetaka kumwamsha. "Haina kelele," akasema. "Yangu ilikuwa na kelele."

Nikamkalisha. Nikampa picha ya kwanza, haina jina la sampuli. Hata dakika haikuisha.

"Huyu ni wangu," akasema. Na uso ulivyofunguka! "Tazama alivyopendeza!"

Akaanza kusoma kutoka kulia, kidole kinatambaa, midomo inahesabu. Nilijua kitakaposimama. Kilisimama.

Viwili.

Akavua miwani. Akaleta karatasi karibu na pua. Nje walikuwa wanapanga viti, na mtu anajaribu kipaza sauti: moja mbili, moja mbili.

"Nipe ramani," akasema.

Nikampa. Ya rangi. Akaisoma kwa muda mrefu kuliko nilivyoisoma mimi. Na, sijui nisemeje, hata pale nilikuwa na furaha. Furaha yenye hofu. Nilitaka kumwambia: Mzee, hapo chini, kona ile, angalia! Nikauma ulimi.

"Chupa ya zamani?"

"Na maganda mapya, Mzee."

"Uliipasha moto?"

"Nyuzi sitini. Siku mbili."

"Haikugeuka."

"Haikugeuka."

"Lile bega," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Nani mwingine anajua?"

"Mkuu. Na mume wangu. Bibi Majani anajua kwamba kuna kitu."

"Na mama yako?"

"Mama anajua sumaku inakula nini."

Sauti ikamtoka puani. Sikujua kama ni kicheko. Bado sijui. Akaomba karatasi nyeupe na kitu cha kuandikia. Akaomba niondoke ubavuni, namzibia mwanga. Ndiyo maana niko huku.

Sasa hivi anachora. Mgongo wake kwangu. Ameweka ramani kushoto, karatasi kulia. Ameandika namba za kaboni pembeni, kwa mwandiko uleule wa kwenye lebo. Amechora. Amesimama. Amekata kwa mstari mmoja. Anachora upya. Saa mbili na dakika hamsini. Nje naona kupitia kioo cha mlango watu wameshakaa, mkewe mstari wa mbele na kitambaa chekundu, Mama yangu nyuma ya mstari mwekundu kama askari. Mkasi uko kwenye sinia.

Mkuu amegonga. Profesa hajageuka. Mkuu amegonga tena, akafungua kidogo, kichwa tu kikaingia, kinanitazama mimi, kinamtazama yeye, kinanitazama mimi. Akasema wageni wako tayari, Profesa.

Profesa ameinua mkono mmoja. Mwingine bado unachora.

"Mwambie asubiri," ameniambia. "Tunafanya kazi."